Maswali ya Wasomaji: Usimuulize Aliyechoka Kama Amechoka

Barua nyingi zilizoifikia safu hii mwezi huu zinazungumzia jambo moja, ingawa kila mwandishi amelipa jina lake: mmoja ameliita uchovu, mwingine kukosa usingizi, na mwingine ameliita uvivu wake mwenyewe, akaniomba dawa ya kuutibu. Nimechagua nane, nikazifupisha bila kubadili maana, na majina nimeyaficha kama waandishi walivyoomba.

SWALI: Daktari, shikamoo. Mimi ni mhasibu mwenye umri wa miaka 34. Kwa miaka mitatu sasa nalala kwa muda wa saa tano tu kila usiku, na tunapofunga hesabu napata hata pungufu ya hapo. Naamka saa kumi na moja alfajiri, nakunywa vikombe vinne vya kahawa kwa siku, kisha naendesha gari kurudi nyumbani karibu saa tano usiku. Mwanzoni niliteseka, lakini sasa nimezoea na kazi inakwenda. Mke wangu anasema najiua. Je, si kweli kwamba mwili ukizoeshwa usingizi mchache hutosheka nao?

JIBU: Marahaba. Neno lililonisimamisha katika barua yako ni "nimezoea". Mwaka 2003 watafiti wa Chuo Kikuu cha Pennsylvania nchini Marekani walichapisha matokeo ya jaribio ambalo watu wazima wenye afya walikaa maabara kwa siku 14, wengine wakiruhusiwa kulala saa nane kila usiku, wengine sita, wengine nne, na kila siku wakapimwa umakini wao kwa vipimo vidogo, kikiwemo cha kubonyeza kitufe mara tu ishara inapotokea. Waliopewa saa sita na saa nne walizidi kudorora siku hadi siku, na wiki mbili zilipomalizika walikuwa wamefikia hali ya mtu aliyekesha usiku mmoja mzima au hata miwili. Lakini walipoulizwa wanajisikiaje, walijibu kwamba wana usingizi kidogo tu, na jibu hilo halikubadilika sana baada ya zile siku chache za mwanzo. Kwa maneno mengine, kilichozoea ni ile hisia ya kuchoka. Kuchoka kwenyewe kuliendelea kupanda bila mwenyewe kujua. Ndiyo maana ushahidi wako kwamba umezoea siwezi kuupokea, si kwa sababu nakudhania uongo, bali kwa sababu anayetoa ushahidi ni ubongo ule ule ulionyimwa usingizi.

Kahawa nayo inakuficha zaidi. Tangu unapofumbua macho asubuhi, kemikali iitwayo adenosini hujikusanya taratibu katika ubongo, na kadiri inavyoongezeka ndivyo kope zinavyokuwa nzito. Kafeini haiiondoi adenosini hiyo. Inakalia tu nafasi ambazo ingezikalia, hivyo ujumbe wa uchovu haufiki ingawa uchovu upo na unangoja. Kwa mtu mzima wa kawaida, nusu ya kafeini hubaki mwilini kwa takribani saa tano, maana yake ni kwamba kikombe cha saa kumi jioni, hata saa tatu usiku nusu yake ingali kazini.

Tazama pia unachokikata. Usingizi huenda kwa mizunguko ya kiasi cha dakika 90 kila mmoja. Mizunguko ya mwanzo wa usiku ina usingizi mzito kwa wingi, ule ambao shinikizo la damu hushuka ndani yake, moyo ukapiga taratibu, na homoni ya ukuaji ikamiminwa ili tishu zilizochakaa zitengenezwe. Mizunguko ya kuelekea alfajiri ndiyo yenye ndoto nyingi, na huo ni usingizi unaohusiana kwa karibu na namna tunavyozipokea na kuzituliza hisia zetu. Anayelala saa tano huambulia sehemu ya kwanza na kukosa sehemu kubwa ya ile ya pili, na mara nyingi wa kwanza kuiona hasara hiyo ni watu wa nyumbani kwake, wanaoanza kujibiwa kwa ukali pasipo sababu. Kinga nayo hudhoofika: katika jaribio lililochapishwa mwaka 2015, watu 164 walitiwa virusi vya mafua puani kwa makusudi, na waliokuwa wakilala chini ya saa sita walipata mafua kwa uwezekano wa zaidi ya mara nne kuliko waliokuwa wakilala zaidi ya saa saba.

Linalonitisha zaidi katika barua yako ni lile gari. Utafiti uliochapishwa mwaka 1997 ulionyesha kwamba mtu aliyekaa macho kwa saa 17 mfululizo huwa na uratibu wa macho na mikono kama wa mtu mwenye kilevi cha asilimia 0.05 katika damu, kiwango ambacho nchi nyingi hazimruhusu mtu kushika usukani nacho. Wewe unaamka saa kumi na moja alfajiri. Saa yako ya kumi na saba inatimia saa nne usiku, yaani kabla hujaketi kwenye gari. Nakusihi, usiku wa kufunga hesabu upelekwe nyumbani na mtu mwingine.

Mwaka 2015 vyama viwili vya wataalamu wa usingizi vya Marekani vilikubaliana kwamba mtu mzima anahitaji saa saba au zaidi kila usiku. Anza kwa kutangulia kitandani saa moja mapema kwa muda wa wiki mbili, na kahawa uikomeshe mchana. Baada ya hapo usijiulize unajisikiaje. Hesabu ni mara ngapi ulilazimika kurudia safu ya tarakimu kwa sababu ulikosea, ulinganishe na wiki mbili za kabla yake, kisha umwulize mkeo ameonaje.

SWALI: Mimi silali vya kutosha siku za kazi, lakini siku ya mapumziko nalala mpaka adhuhuri. Je, deni si linakuwa limelipwa?

JIBU: Linapungua, haliishi. Usingizi wa ziada wa siku moja hurudisha uchangamfu kwa kiasi fulani, lakini kulala mpaka adhuhuri huisogeza mbele saa ya mwili, ile inayoongozwa na mwanga wa jua na kuamua homoni ya usingizi iitwayo melatonini itolewe lini, na matokeo yake ni kwamba usiku unaofuata unajigeuzageuza kitandani hupati lepe la usingizi, ukaianza wiki mpya na deni jipya. Nusu saa ya ziada kila usiku ina faida kubwa kuliko saa tano za mkupuo. Ukizidiwa mchana, jilaze kwa dakika 20 kabla ya saa tisa alasiri, usizidishe sana hapo, maana ukiamshwa katikati ya usingizi mzito utaamka umelegea kuliko ulivyolala.

SWALI: Daktari, nina watoto watatu na mdogo ana miezi saba. Tatizo langu ni la ajabu kidogo. Nikikaa, hata kwa dakika kumi, najisikia kama nimeiba kitu. Nakaa ukingoni mwa kiti, miguu imeelekea mlangoni, na nikisikia hatua za mtu nainuka haraka nishike chochote mkononi nionekane nina kazi. Hakuna anayenifukuza. Mume wangu ni mwema na mama mkwe hajawahi kunisema. Ni mimi mwenyewe. Usiku mtoto ananiamsha mara tatu au nne. Nifanyeje ili niache uvivu huu wa kutaka kukaa?

JIBU: Dada yangu, nimeisoma barua yako mara kadhaa, na kila niliposoma nilikiona kile kiti. Niruhusu nianze kwa kukunyang'anya neno "uvivu", kwa kuwa halikuhusu hata kidogo. Mtu anayeamshwa mara nne kila usiku kwa miezi saba anadai usingizi mwingi sana, na kutaka kukaa ni mwili wake kudai haki yake kwa upole, kabla haujaidai kwa nguvu.

Lugha yetu yenyewe inakutetea. Kupumzika kumetokana na pumzi. Anayepumzika ni mtu anayeirudisha pumzi yake. Hakuna anayeona aibu kuvuta pumzi wala anayengoja amalize kazi zote ndipo avute. Wazee nao walisema mchumia juani hula kivulini, na mimi huona tumezoea kuitumia methali hiyo kwa nusu yake ya kwanza tu, tukawahimiza watu wakae juani, ilhali kivuli kimo ndani ya methali hiyo hiyo kama sehemu ya haki ya mchumaji.

Tena si kweli kwamba ukikaa hakuna kinachofanyika. Ubongo ni kama asilimia 2 tu ya uzito wa mwili, lakini hutumia karibu asilimia 20 ya nishati yake, na matumizi hayo hayapungui sana mtu anapokaa bila shughuli. Mwaka 2001 Marcus Raichle na wenzake walieleza jinsi baadhi ya sehemu za ubongo zinavyofanya kazi zaidi pale tunapoacha kushughulikia jambo la nje, na tafiti zilizofuata zimezihusisha sehemu hizo na kukumbuka yaliyopita, kuyapanga yajayo, na kuwafikiria watu wengine wanajisikiaje. Mama anayekaa kimya akitazama dirishani yumo katika kazi hiyo. Ukiinyima nafasi mchana, mara nyingi huja kujidai usiku, pale unapolaza kichwa na mawazo yote ya siku yakaanza kupanga foleni.

Sasa kuhusu ukingo wa kiti. Mwili uliokaa tayari kuinuka haujapumzika: mabega yamekaza, pumzi ni fupi, na moyo unapiga kama wa mtu anayesubiri kuitwa. Dakika kumi za namna hiyo zinakuchosha na hazikupi kitu. Nakuomba ufanye jambo dogo sana ambalo huenda mwanzoni likakuwia gumu kuliko kazi zote za nyumbani. Kaa mpaka mgongo uguse egemeo la kiti, miguu ikae chini yote, mikono iwe mitupu, na mtu akiingia, usiinuke. Msalimie ukiwa umekaa. Fanya hivyo mara moja kila siku kwa saa ile ile, ili nyumba nzima iizoee saa yako nawe uizoee.

Usiku ndio wenye deni kubwa zaidi, na hapo hutaliweza peke yako. Zungumza na mumeo, ambaye umesema mwenyewe kuwa ni mwema, mgawane usiku ili upate angalau kipande kimoja cha saa nne au tano kisichokatwa. Kipande kimoja kirefu kinafaa kuliko vipande vingi vidogo vya jumla ile ile, kwa sababu usingizi ukikatwakatwa mizunguko haikamiliki. Kama mtoto bado ananyonya usiku, aletwe kwako, anyonye, kisha baba amchukue na kumbembeleza yeye, wewe ukirudi kulala. Halafu nina ombi moja ambalo usilipuuze: ukiona unalia mara kwa mara, huoni raha kwa mtoto, au inakujia fikra kwamba watu wa nyumbani wangekuwa salama zaidi bila wewe, nenda hospitali siku hiyo hiyo ukaseme hivyo kwa maneno hayo hayo. Sonona ya baada ya kujifungua inaweza kujitokeza wakati wowote katika mwaka wa kwanza wa mtoto, na inatibika.

SWALI: Shikamoo Daktari. Nina mitihani baada ya wiki tatu. Wenzangu wanakesha wakisoma na mimi nimeanza. Nikilala naona nimepitwa. Ni kipi bora?

JIBU: Marahaba mwanangu. Lala. Unachokisoma mchana hukaa kwanza katika sehemu ya ubongo inayopokea mambo mapya, na ni usingizini ndipo hurudiwa na kuimarishwa mpaka kikawa kumbukumbu ya kudumu. Anayekesha huingiza bila kuhifadhi, na kesho yake uwezo wa kupokea mengine umepungua. Mwaka 1964 kijana wa miaka 17 huko San Diego, Marekani, aitwaye Randy Gardner, alikaa macho kwa saa 264 kwa ajili ya maonyesho ya sayansi. Kuelekea mwisho aliambiwa atoe saba kutoka mia moja, kisha saba tena, na tena. Alifika 65 akanyamaza, na alipoulizwa kwa nini amenyamaza, akasema amesahau alikuwa akifanya nini. Wewe hutafika huko, lakini njia inayoelekea huko ndiyo hiyo uliyoianza. Kwa umri wako, yaani kati ya miaka 13 na 18, kinachopendekezwa ni saa nane hadi kumi. Soma jioni, lala, kisha alfajiri funga daftari na ujaribu kukumbuka ulichosoma kabla hujalifungua tena.

SWALI: Ndugu mhariri, nina karakana yenye wafanyakazi tisa. Tunafanya kazi saa kumi kwa siku, siku sita kwa wiki. Wameniomba nipunguze saa, nami nahofia kazi itanishinda. Mimi mwenyewe huwa wa mwisho kuondoka. Je, haya ya mapumziko si mambo ya watu wa ofisini?

JIBU: La hasha, tena historia yake ilianzia hasa kwa watu kama wafanyakazi wako. Mkataba wa kwanza kabisa wa Shirika la Kazi Duniani, wa mwaka 1919, ulihusu viwanda, nao uliweka kikomo cha saa nane kwa siku na 48 kwa wiki. Mkataba wa mwaka 1921 ukaongeza kwamba mfanyakazi wa kiwandani apate angalau saa 24 mfululizo za mapumziko katika kila siku saba. Mwaka 1948 Tamko la Ulimwengu la Haki za Binadamu likaiandika haki ya kupumzika katika kifungu chake cha 24, pamoja na kikomo cha saa za kazi kinachokubalika kiakili na likizo ya malipo.

Kwa hesabu yako, karakana inafanya saa 60 kwa wiki. Mwaka 2021 Shirika la Afya Duniani na Shirika la Kazi Duniani walichapisha uchambuzi wa pamoja ulioonyesha kwamba wanaofanya kazi saa 55 au zaidi kwa wiki wana hatari ya kupata kiharusi iliyo kubwa kwa asilimia 35, na ya kufa kwa ugonjwa wa moyo iliyo kubwa kwa asilimia 17, wakilinganishwa na wanaofanya saa 35 hadi 40. Uchambuzi huo ulikadiria kwamba katika mwaka 2016 pekee, vifo 745,000 vya kiharusi na ugonjwa wa moyo vilihusiana na saa ndefu za kazi. Nakuomba usizione tarakimu hizo kuwa za watu wa mbali, kwa sababu kwenye karakana mna watu kumi na wewe ukiwemo, na wewe ndiye unayeondoka wa mwisho.

Sitakudanganya kwamba kupunguza saa hakutakugharimu chochote. Lakini fungua kumbukumbu zako uangalie kazi zilizorudishwa na wateja, vifaa vilivyovunjika na vidole vilivyojeruhiwa, uone vilitokea saa ngapi za siku. Nadhani saa mbili za mwisho zitakujibu vizuri kuliko mimi.

SWALI: Nilipewa likizo ya siku 21 nikaitumia yote nyumbani. Sikufanya kazi yoyote ila kujibu ujumbe wa kikazi kwenye simu, maana wangekwama bila mimi. Nimerudi nimechoka vile vile. Kazi niliyoipenda sasa naichukia, na nikikaribia lango la ofisi tumbo linanisokota. Je, nina ugonjwa?

JIBU: Huenda unao, huenda huna, na hilo ndilo la kwanza kulijua kabla ya ushauri mwingine wowote. Uchovu usioondoka kwa mapumziko unaweza kuwa na chanzo ndani ya mwili: upungufu wa damu, kisukari, tezi ya shingo inayofanya kazi pungufu, maambukizi yaliyojificha, au hata dawa unazozitumia kwa ugonjwa mwingine. Vipimo vya damu vya kawaida hugundua mengi kati ya hayo. Mwambie daktari pia kama kwa wiki mbili au zaidi umekosa raha hata kwa mambo yasiyohusu kazi, kama hamu ya kula au usingizi umebadilika, kwa sababu hizo ni dalili za sonona, nayo ina matibabu yake.

Vipimo vikiwa safi, na kama chuki hiyo ni ya kazi tu huku mambo mengine ya maisha yangali na ladha, basi ulichonieleza kinafanana sana na hali ambayo Shirika la Afya Duniani limeiingiza katika toleo la 11 la orodha yake ya magonjwa, lililoidhinishwa mwaka 2019. Haikuwekwa kama ugonjwa bali kama jambo linalotokana na kazi, yaani msongo wa muda mrefu kazini ambao haukushughulikiwa, na sura zake ni tatu: kuishiwa nguvu, moyo kujitenga na kazi au kuichukia, na kujiona kwamba hufanyi tena la maana. Tazama kwamba chanzo kimetajwa kuwa kiko kazini. Kwa hiyo likizo peke yake haiwezi kuiponya ukirudi kwenye mambo yale yale. Lazima uzungumze na mkuu wako kuhusu wingi wa kazi, na kuhusu nani mwingine afundishwe yale ambayo sasa wewe peke yako unayajua.

Na kusema kweli, likizo hukuipata. Kila ujumbe ulioujibu ulikurudisha ofisini kwa dakika mbili, lakini akili haikutoka huko kwa dakika mbili. Ilibaki ikisubiri unaofuata. Wasomaji wengine wawili wameuliza kama kuperuzi simu kitandani ni kupumzika, na jibu langu kwao ni hili hili. Macho yamekaa na mwili umekaa, lakini akili inaitwa huku na huku, na mwanga wa kioo unachelewesha melatonini. Likizo ijayo, mwachie mwenzako kazi kwa maandishi kabla hujaondoka, na simu ya kazi ibaki kwenye droo ya ofisi.

SWALI: Nina miaka 71. Nalala saa tatu usiku, naamka saa tisa na silali tena. Nabaki nikiitazama saa ya ukutani. Nimeshauriwa ninunue vidonge vya usingizi.

JIBU: Mzee wangu, shikamoo. Kutoka saa tatu hadi saa tisa ni saa sita, na kwa umri wako kinachopendekezwa ni saba hadi nane, kwa hiyo pengo lipo lakini si kubwa kama linavyoonekana gizani. Umri ukisonga, usingizi mzito hupungua na saa ya mwili husogea nyuma, mtu akasinzia mapema na kuamka mapema. Jaribu kusogeza kulala hadi saa nne kasoro, na jioni ukae nje penye mwanga. Ile saa iondolewe ukutani. Ukikaa macho kwa kiasi cha dakika 20, toka kitandani, kaa kwenye taa hafifu mpaka usingizi urudi, ndipo ulale tena, ili kitanda kisigeuke mahali pa kukeshea. Vidonge usinunue bila daktari, kwa sababu kwa watu wa umri wako huleta kizunguzungu na kuanguka, na nyonga ikivunjika ni shida ndefu. Hali hii ikiwa ni ya usiku tatu au zaidi kwa wiki na imepita miezi mitatu, kuna tiba ya mazungumzo na mazoezi maalumu ya usingizi ambayo hutangulizwa kabla ya dawa.

SWALI: Mume wangu analala saa nane kila usiku, usingizi wa pono, lakini mchana anasinzia mpaka mezani. Anakoroma sana, kisha anakuwa kimya ghafla kama aliyekata roho, halafu anashtuka na kuvuta hewa kwa kelele. Mimi ndiye nisiyelala, namhesabia. Asubuhi analalamika kichwa. Nikimwambia, anasema namsingizia. Je, ni jambo la kawaida?

JIBU: Mama, si la kawaida, na nashukuru umeandika. Unachokieleza ni dalili za kukatika kwa pumzi usingizini: misuli ya koo inalegea, njia ya hewa inaziba, oksijeni katika damu inashuka, na ubongo unamshtua ili avute hewa, bila yeye kuamka kiasi cha kukumbuka. Kwa baadhi ya watu jambo hilo hutokea mara 30 au zaidi kwa saa moja. Ndiyo maana saa nane zake hazimfai kitu, na ndiyo maana anakana. Hakusingizii kwa ubaya, kwani katika tukio lote hilo yeye hayupo. Hali hii ikiachwa hupandisha shinikizo la damu na kuongeza hatari ya kiharusi, na anayesinzia mezani anaweza kusinzia pia akiwa anaendesha gari, kwa hiyo asiendeshe mpaka apimwe.

Kwa sasa alale ubavu, aache pombe nyakati za usiku kama anakunywa, na kama uzito umezidi, kuupunguza husaidia sana. Tiba yenyewe ipo, na kwa wengi ni mashine ndogo inayosukuma hewa kupitia barakoa ili koo lisizibe. Usiku wa leo mrekodi kwa simu kwa dakika kumi, uandike kwenye karatasi ukimya mmoja ulidumu kwa sekunde ngapi. Mwende hospitali pamoja, na wewe uingie naye ndani kwa daktari, maana atakapoulizwa analalaje, atajibu kwamba analala vizuri.